9.81 Si Namba ya Kyela

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia ananing'iniza gololi kwenye uzi wa mita moja, anahesabu mara 50 za kwenda na kurudi, anasoma stopwochi, anapiga hesabu. Ripoti yake, awe amesoma Mbeya, Iringa au Dar es Salaam, ina uwezekano mkubwa wa kuishia na jibu lilelile: mchapuko wa graviti ni mita 9.81 kwa sekunde kila sekunde. London jibu hilo lingekuwa sahihi. Huku kwetu si sahihi. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa uko kama nyuzi tisa na nusu tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mvuto hupungua, kwa sababu dunia inajizungusha na kwa sababu imevimba kiunoni. Ukitoa na kidogo kinachopotea kwa mwinuko, mita 475 hivi juu ya bahari pale Kyela na karibu mita 1,700 pale Mbeya mjini, unabaki na thamani inayokaribia 9.78. Pengo la 0.03 ni dogo kiasi kwamba halimsumbui mjenzi wa daraja wala fundi wa pampu. Kwa anayesimamia maabara linasema mengi, kwa sababu mwanafunzi aliyefika 9.81 kamili huenda hakufikishwa pale na uzi wake. Alilijua jibu kabla ya kuingia, akarudi nyuma akazinyoosha namba mpaka zikakubali.

Wanafunzi wenyewe huita mchezo huo kupika data, na walimu wengi huuchukulia kuwa tatizo la maadili: vijana ni wavivu, wanaishi kwa madesa, wananakili ripoti za waliotangulia. Uvivu upo, lakini hautoshi kueleza kwa nini hata mwanafunzi mwenye bidii hupika. Anapika kwa sababu maabara imepangwa kiasi kwamba kupika ndiyo njia ya akili. Jibu linajulikana, alama hutolewa kwa ukaribu na jibu, muda ni saa tatu, na karibu hakuna yeyote chumbani mwenye namba za kulinganisha na zake. Hayo yote ni mambo ya ratiba, mwongozo na mfumo wa alama, na mwenye mamlaka juu ya vitu hivyo vitatu ni mmoja: mratibu wa maabara za mwaka wa kwanza. Hoja yangu ni kwamba mratibu huyo, kwa vifaa vichache alivyonavyo leo, anaweza kubadili kinachofundishwa maabarani zaidi ya ambavyo kontena la vifaa vipya lingeweza, na kwamba mahali pazuri pa kuanzia ni mteremko unaotoka Mbeya kushuka hadi Kyela.

Tuangalie kwanza mtindo uliozoeleka. Chukulia darasa la wanafunzi 240. Wakikaa watatu watatu ni vikundi 80. Maabara yenye meza 20 itavipokea kwa zamu nne kwa wiki. Idara ina seti mbili za kila jaribio, basi majaribio kumi yanaendeshwa kwa pamoja na vikundi vinazunguka: wiki hii pendulamu, wiki ijayo lenzi, inayofuata ukinzani wa waya. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza, kwa kuwa kila kifaa kinatumika na hakuna meza tupu. Gharama yake haionekani kwenye ratiba. Kikundi kinachoangukia lenzi wiki ya pili hakijasikia muhadhara hata mmoja wa mwanga. Mkufunzi msaidizi analazimika kusimamia majaribio kumi tofauti kwa wakati mmoja, kwa hiyo anachoweza kukagua ni kama waya zimeunganishwa vizuri na kama jibu linafanana na la kitabu. Fundi sanifu anatumia wiki nzima kuhakikisha hakuna kilichoharibika, naye hapati nafasi ya kufundisha ingawa mara nyingi ndiye anayevijua vifaa kuliko wote. Na lililo zito zaidi: jirani yako wa meza anafanya jambo jingine kabisa. Ukipata 9.6, wa kumuuliza amepata ngapi ni kikundi kimoja tu chenye seti ya pili. Kilichobaki kukusahihisha ni kitabu, nacho kimeandikwa 9.81.

Geuza mpango. Wiki moja, meza zote 20, jaribio moja. Majaribio yapungue kutoka kumi hadi matano, kila moja likichukua vipindi viwili: cha kwanza kupima, cha pili kupima tena vizuri zaidi baada ya kuona wengine walivyopata. Namba za vikundi vyote ziandikwe ubaoni, na ubao huo upigwe picha na kutumwa kwa zamu nne zote. Mpango huu una sharti moja gumu: kila jaribio lazima litengenezeke kwa seti 20, na sharti hilo lenyewe linakuchagulia majaribio. Uzi, gololi, rula ya mita, stopwochi, springi na mawe ya mizani, kipimajoto, betri, waya na multimita ya bei nafuu vinapatikana kwa idadi hiyo. Vifaa vya kuchunguza atomu havipatikani, na hao wa mwaka wa kwanza wanaweza kuvisubiri mpaka mwaka wa tatu wakiwa wachache.

Hesabu ya pendulamu inaonyesha kinachopatikana kwa kufanya hivyo. Kwa uzi wa mita moja, safari 50 za kwenda na kurudi huchukua sekunde 100.46 kama graviti ni 9.78, na sekunde 100.30 kama ni 9.81. Pengo zima, ambalo ripoti hulijaza bila kusita, ni sekunde 0.16. Kidole cha mtu kwenye stopwochi hukosea kwa kiasi kama sekunde 0.2. Kwa hiyo kikundi kimoja kilichopima mara moja hakina haki ya kusema 9.78 wala 9.81, haki yake ni kusema 9.8, kisha kuandika ukubwa wa shaka ya kipimo chake. Lakini vikundi 20 vikirudia mara tano kila kimoja, vipimo vinafika 100, shaka itokanayo na kidole inashuka mara kumi, na 9.81 inaanza kuonekana ngeni. Hapo swali linahama lenyewe kutoka kwenye saa kwenda kwenye uzi: umepimwa hadi juu ya gololi au hadi katikati yake? Milimita moja ya kosa kwenye mita moja inasogeza jibu kwa 0.01. Huo ndio mjadala wa fizikia niliokuwa nautafuta, na umenunuliwa kwa gololi na uzi.

Kuna ushahidi nje ya hesabu yangu. Natasha Holmes na Carl Wieman, huyu wa pili akiwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001, pamoja na wenzao walichunguza kozi tisa za maabara katika vyuo vitatu vya Amerika Kaskazini ambamo maabara ilikuwa ya hiari na lengo lake lilikuwa kuimarisha yaliyofundishwa darasani. Walilinganisha waliofanya maabara na wasiofanya, kwenye maswali ya mtihani yaliyohusu mada za maabara hizo. Faida haikuonekana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017, na yanauma, kwa sababu sababu ya kwanza ambayo karibu kila idara huitoa kutetea maabara yake ni hiyohiyo: kuthibitisha nadharia. Utafiti wao mwingine, wa 2015, uliofanyika University of British Columbia nchini Kanada, ulichukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza na majaribio ya kawaida, ukaongeza agizo moja: linganisha vipimo vyako, kisha boresha, kisha linganisha tena. Kwenye pendulamu waliambiwa wapime muda wa mbembeo kwa pembe ya nyuzi 10 na ya nyuzi 20. Kitabu kinasema pembe haibadili muda. Aliyepima ovyo aliona kitabu kinasema kweli. Aliyeboresha aliona tofauti, kwani ipo, kama asilimia 0.6, ambayo kwa safari 50 za mita moja ni zaidi ya nusu sekunde. Waliopitia mzunguko huo wa kulinganisha na kuboresha walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya kundi la kawaida wa kupendekeza au kufanya marekebisho ya mbinu zao, na tabia hiyo ilibaki hata agizo lilipoondolewa.

Msomaji anaweza kusema Kanada si Tanzania. Kweli, lakini mfano mkubwa kuliko wote wa jambo hili ni wa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ndani ya friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alipokuwa shuleni Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi hizo kikiitwa University College, aliyekuja kutoa mhadhara. Osborne hakulidharau swali, aliagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoanza kuganda kweli, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu sahihi. Osborne mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo katika makala aliyoandika na Mpemba, iliyotoka katika jarida la Physics Education mwaka 1969. Fundi yule hakuwa mjinga. Alikuwa zao zuri la maabara ambamo jibu hutangulia kipimo.

Watu husimulia kisa cha Mpemba kama hadithi ya kijana aliyewashinda walimu, na mara nyingi huishia hapo. Sehemu yake ya pili ndiyo yenye manufaa kwa mratibu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha matokeo ya kurudia jaribio hilo kwa uangalifu, wakahitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa maji ya moto kupoa haraka zaidi, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kuzalisha matokeo yanayofanana kabisa na athari inayotafutwa. Mjadala haujafungwa, na wengine bado wanaitetea athari hiyo kwa hali maalumu. Mimi sioni fedheha yoyote humo kwa Mpemba. Swali lililodumu zaidi ya nusu karne likiwafanya watu wapime upya ni swali zuri. Na pale Mkwawa alipouliza ndipo ilipo leo MUCE, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Mkwawa kilichoanzishwa 2005, kinachoandaa walimu wa sayansi wa sekondari.

Hapo ndipo Kyela inapoingia. Mwambao huo wa ziwa hauna chuo kikuu. Vijana wa Ipinda, Ngonga na Matema wanaochagua fizikia hupanda kwenda Mbeya, ambako chuo cha sayansi na teknolojia, MUST, kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, au huendelea hadi Iringa na Dar es Salaam. Wanaosomea ualimu hurudi shule za kata. Shule hizo zilipitia kampeni ya kujenga maabara tatu kila shule, ambayo tarehe yake ya mwisho ilikuwa 2014 ikasogezwa hadi 2015, na wananchi walichangia kwa fedha na nguvu zao. Majengo mengi yalisimama. Kinachoendelea ndani yake hutegemea zaidi alichokizoea mwalimu chuoni. Aliyezoea jaribio lenye seti mbili za kifaa cha kuagizwa nje, na jibu nyuma ya kitabu, akifika shuleni na kukuta kabati nusu tupu ataandika jaribio ubaoni na wanafunzi watalinakili. Aliyezoea kufanya fizikia kwa uzi na ubao wa namba za wenzake ana pa kuanzia.

Tena ana mahali pa kufanyia. Barabara ya Mbeya kwenda Kyela kupitia Tukuyu, safari isiyofika kilomita 150, inashuka zaidi ya mita 1,200. Maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi Mbeya, kama 95 Tukuyu, na zaidi kidogo ya 98 Kyela. Mama yeyote aliyehamia Mbeya kutoka Kyela anajua maharage yake yamebadilika muda wa kuiva. Sasa soma mwongozo wa kawaida wa kusahihisha kipimajoto: kitie kwenye barafu inayoyeyuka uweke alama ya 0, kitie kwenye maji yanayochemka uweke alama ya 100. Mbeya, agizo hilo linatengeneza kipimajoto chenye kosa la karibu nyuzi sita, na kosa hilo halitapungua hata ukirudia mara elfu. Sijui somo bora zaidi la kutofautisha makosa yanayotibika kwa kurudia na yale yasiyotibika kwa kurudia. Mgandamizo wa hewa nao ni kama hektopaskali 830 Mbeya na 960 Kyela, tofauti inayoonekana hata kwa chupa ya plastiki iliyofungwa juu na kufika chini ikiwa imebonyea. Chini ya Mlima Rungwe, ukanda wa Kiejo na Mbaka una chemchemi za maji moto ambazo Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi, TGDC, imekuwa ikizifanyia kazi. Kyela yenyewe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ni jaribio la bure: makopo kumi ya kipenyo kimoja yaliyopangwa kwenye uwanja wa shule baada ya mvua moja hayatakuwa na kina kinacholingana. Kisha kuna ziwa, lenye kina cha mita 700 hivi, ambalo maji yake ya juu hupoa na kupata joto kwa majira huku ya chini kabisa yakibaki kwenye nyuzi 22 na kitu mwaka mzima, na ambalo usawa wake hupanda na kushuka kwa takriban mita moja kati ya masika na kiangazi. Nguzo yenye alama za sentimita, ikisomwa kila wiki na shule moja ya Matema, ingezalisha namba ambazo hazimo nyuma ya kitabu chochote cha kiada. Simaanishi idara ikodi mabasi. Wanafunzi wenyewe husafiri njia hiyo wakati wa likizo ndefu, na kipimajoto kinaingia kwenye begi.

Pingamizi la kwanza nililolitarajia ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui kitu, hivyo kumwachia uhuru ni kumtupa. Sipendekezi uhuru wa namna hiyo. Kupima, kulinganisha, kuboresha na kupima tena ni maagizo kamili, tena makali kuliko ya mwongozo wa zamani. Kisichoagizwa ni jibu tu. Pingamizi la pili, la idadi, ni zito zaidi. Wanafunzi 240 wanaoandika ripoti zisizo na jibu moja watamuua msahihishaji. Lakini majaribio yakiwa matano badala ya kumi, ripoti zinapungua nusu, na sehemu kubwa ya alama inaweza kutolewa palepale mezani kwa kusoma daftari la maabara, ambamo namba huandikwa kwa kalamu ya wino na hazifutwi. Mkufunzi msaidizi anayesimamia jaribio moja wiki nzima analijua vizuri kufikia zamu ya pili. Inabidi tu yeye na fundi sanifu walifanye wenyewe kabla ya wanafunzi, mbele ya mratibu, wabishane juu ya namba zao. Saa mbili za kikao hicho kila wiki ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mpango huu, na mratibu asiyepunguziwa vipindi vya kufundisha hataimudu. Hilo ni la wakuu wa idara, na sioni njia ya kulikwepa.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua. Mwalimu anayerudi Kyela atapimwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa, na karatasi ya vitendo ya fizikia, kidato cha nne hata cha sita, hutembea hatua kwa hatua: pima, jaza jedwali, chora grafu, tafuta mteremko. Je, hatujampotezea muda? Kwa sehemu, ndiyo. Zipo mbinu zinazohitaji mazoezi ya kufuata maelekezo, kama kupata nukta ya mizani kwenye waya wa mita moja au kusoma potentiomita, na majaribio mawili kati ya matano yanaweza kubaki ya namna hiyo bila aibu. Lakini karatasi hizohizo huuliza pia vyanzo vya makosa, na jibu la kukariri la kwamba upepo ulivuma au macho hayakuwa sawa na alama ya rula huandikwa na maelfu ya watahiniwa wasiojua kosa lipi kati ya hayo lina uzito. Mwalimu aliyewahi kuona ubao wa namba 100 anaweza kuwafundisha hilo kwa kipindi kimoja.

Kuhusu vifaa vya kisasa nina neno fupi. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa chuo cha RWTH Aachen nchini Ujerumani na kutolewa bure 2016, hugeuza simu kuwa kifaa cha kupimia mchapuko, sauti na mwanga, na simu moja kwa kikundi cha watatu hukosekana mara chache. Itumike. Tena simu ikilazwa mezani mara nyingi haisomi 9.78, nyingine itasema 9.7, nyingine 9.9, na darasa zima litakuwa na kazi ya kueleza kwa nini.

Limebaki suala la alama, ambalo wanafunzi hulisoma kabla ya mwongozo wenyewe. Graviti ya Kyela na ya Mbeya hazilingani sawasawa. Mwinuko unazitenganisha kwa sehemu chache za elfu za mita kwa sekunde kila sekunde. Tuseme kikundi kimoja kilichukua uzi wake likizoni, kikapima katika miji yote miwili, kikarudia kwa uaminifu, kikakuta shaka ya vipimo vyake ni 0.02, kikaandika kwamba kwa njia hii hakiwezi kuitofautisha miji hiyo. Kwa uzi na stopwochi sidhani yeyote angeweza. Kikundi kingine kikaleta 9.780 na 9.777, tofauti safi inayokubaliana na nadharia, bila daftari. Mratibu aandike mapema, kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo, kwamba cha kwanza kitapata alama zote na cha pili kitaitwa ofisini kilete daftari lake.